Shingo Imevimba, Ngozi Inalia: Je, Ni Karuho?

UKURASA WA AFYA YA JAMAA



Mwezi huu tunaongea juu ya ugonjwa ambao hauonekani kila siku, lakini siku unapoonekana unaleta hofu kubwa na makambo mengi katika jamaa. Kijana alikuwa mzima kabisa. Amepandisha mizigo, au amekohoa usiku kucha, au ametapika sana. Ghafla kifua kinamuuma katikati, pumzi inakuwa fupi. Baada ya saa chache shingo inavimba, na sauti inageuka kama ya mtu anayeongea kwa pua. Mama anamshika shingoni, na chini ya vidole anasikia kitu kinalia: krr, krr, kama majani makavu, kama chumvi ya mawe inayosagwa.

Hapo ndipo maneno yanaanza. "Wamemupa karuho!" "Jana alikula kwa nani?" Mmoja anakimbia kutafuta dawa ya kutapisha. Mwingine anasema apelekwe kwa munganga wa kienyeji akachanjwe. Mwingine tayari ametaja jina la jirani. Na wakati huo wote mgonjwa anabaki chini, hajaonwa na mtu anayejua kupima kifua.

Basi, jambo moja tunataka mulishike leo. Shingo iliyovimba na kulia hivyo chini ya ngozi ina hewa ndani. Na mtu asipokuwa na jeraha lolote, hewa hiyo karibu kila mara ni yake mwenyewe, imetoka kwenye pafu lake na kupotea njia. Sumu kwa kawaida haifanyi hivyo. Lakini dawa ya kutapisha inaweza kumharibu mtu ambaye angepona kwa kupumzika tu.

HEWA INATOKA WAPI?

Mapafu yetu si mifuko miwili mitupu. Ndani yake kuna vifuko vidogo sana, zaidi ya milioni 300, ambamo hewa inakutana na damu. Kuta zake ni nyembamba kupita karatasi. Siku zote zinavumilia kazi: tunavuta, tunatoa. Lakini kuna wakati mtu anafunga koo huku anasukuma kwa nguvu ndani ya kifua. Fikiri mtu anayeinua gunia la kilo 50 akikata pumzi. Fikiri mtoto anayekohoa bila kupata nafasi ya kuvuta hewa. Ndani ya kifua nguvu inapanda, na vifuko vichache vinapasuka.

Sasa hewa iliyotoka inaenda wapi? Wachimbaji wataelewa upesi. Mchimbaji akipata mshipa wa madini, hatoboi mlima mzima, anafuata mshipa. Hewa nayo inafanya hivyo. Inafuata ganda la mishipa ya damu na njia za hewa, inatambaa polepole mpaka katikati ya kifua.

Pale katikati, kati ya pafu la kuume na la kushoto, nyuma ya mfupa wa kifua na mbele ya uti wa mgongo, kuna nafasi. Ndimo anakaa moyo, mishipa mikubwa ya damu, bomba la hewa na bomba la chakula. Hewa haipaswi kuwa huru mle. Ikiingia, inabana, na mtu anasikia maumivu. Kisha, kwa sababu nafasi hiyo haina mlango upande wa juu, hewa inapanda shingoni, wakati mwingine mpaka usoni na mabegani. Ndiyo ile krr, krr chini ya vidole vya mama.

Jambo hili si geni. Munganga Mfaransa Laennec, yule aliyevumbua chombo cha kusikilizia kifua, aliandika juu ya hewa hiyo ya katikati mwaka wa 1819. Mwaka wa 1939 munganga Louis Hamman wa Baltimore, Marekani, aliueleza vizuri ugonjwa wenyewe: unavyokuja ghafla kwa mtu mzima wa afya, na sauti ya kukwaruza inayosikika kifuani pamoja na kila pigo la moyo. Na mwaka wa 1944 Charles Macklin na mke wake Madge, huko Canada, walieleza ile safari ya hewa kutoka kifuko kilichopasuka mpaka katikati ya kifua. Kwa hiyo waganga wanajua njia yake na wanajua mwisho wake, na mara nyingi sana mwisho ni kupona.

NI NANI ANAYEPATWA?

Mara nyingi ni vijana, hasa wanaume, na wengi wao ni wembamba. Lakini watoto na akina mama pia wanapatwa. Tuangalie katika maisha yetu hapa.

Wenye pumu. Mtu akibanwa na pumu, hewa inaingia lakini kutoka ni vigumu. Vifuko vinajaa kupita kiasi. Pumu ni moja ya sababu zinazoonekana zaidi.

Wanaokohoa sana. Kikohozi kikali cha mafua mazito, kifaduro, homa ya mapafu. Wakati wa COVID-19, tangu mwaka wa 2020, waganga wa nchi nyingi waliona hewa hii kwa wagonjwa wao.

Wanaoinua na kusukuma. Anayepandisha gunia kutoka shimoni, anayesukuma chukudu yenye makala au viazi mlimani, wote wana tabia moja: kukata pumzi wakati wa kutia nguvu. Na kama mapafu yamekwisha kuchoka kwa vumbi la mawe au kwa kifua kikuu, hatari inaongezeka.

Wanaovuta bangi. Siyo tu kwamba moshi unachoma. Mvutaji anavuta kwa nguvu, halafu anaushika moshi ndani kwa muda mrefu, na mara anaanza kukohoa. Vijana, hapo munajaza mpira kupita kipimo chake.

Wanaotapika sana, kwa ugonjwa au kwa kanyanga ya usiku uliopita.

Akina mama wanaozaa. Wakati wa kusukuma mtoto, hasa mtoto wa kwanza, uso na shingo vinaweza kuvimba ghafla kwa hewa. Watu wanapiga kelele kwamba mama amelogwa kitandani. Kumbe ni nguvu ya kusukuma. Kwa kawaida mama anapona vizuri, lakini lazima aonwe na kuangaliwa.

Na wapigaji wa fanfari, wale wa tarumbeta, wamo pia katika orodha ya waganga, ingawa ni mara chache. Msiache fanfari kwa ajili hiyo! Ila mpigaji akisikia maumivu ya ghafla kifuani, aweke tarumbeta chini.

SURUA: WATOTO WETU

Hapa tukae kidogo, maana jambo hili linatugusa sana. Surua haiishii kwenye ngozi. Inashuka kifuani, inaleta kikohozi na homa ya mapafu, na kwa watoto wengine hewa inavuja na kujaza shingo. Mzazi anaona mtoto mwenye vipele, macho mekundu, na sasa shingo imekuwa kubwa kama ya mtu mwingine.

Tukumbuke kilichopita Kongo yetu. Katika mlipuko uliofika kilele mwaka wa 2019, surua ilishika watu zaidi ya 300,000 na kuua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto. Mwaka wa 2023 ilirudi katika kambi za waliokimbia vita kuzunguka Goma, mahali ambapo watu walilala wamebanana chini ya mashiti. Barabara ya Goma, Mubambiro na Sake imepitisha wakimbizi wengi, na ugonjwa unasafiri na watu.

Kinga ipo: chanjo. Mtoto anapata ya kwanza akiwa na miezi 9, halafu anarudi kwa dozi ya pili. Kama mulikimbia na karte ya chanjo ikapotea, musione haya. Mumpeleke mtoto kituoni na museme ukweli, watampanga tena. Na mtoto aliyeshikwa na surua apewe vitamini A kituoni. Inapunguza kifo na inalinda macho.

ADMIRALI ALIYEJITAPISHA

Sasa turudi kwenye ile dawa ya kutapisha. Kuna hadithi ya kweli ambayo waganga wanaisoma mpaka leo. Mwaka wa 1723, huko Uholanzi, admirali mmoja mkubwa, van Wassenaer, alikula karamu. Tumbo likamlemea. Akanywa dawa ya kumtapisha, kama alivyozoea. Safari hii, akiwa katika kutapika, alisikia maumivu makali ajabu kifuani, akapiga kelele kwamba kitu kimepasuka. Kesho yake akafa. Munganga wake, Herman Boerhaave, alimpasua baada ya kifo ili ajue sababu. Alikuta bomba la chakula limechanika kabisa, na hewa na chakula vimemwagika kifuani. Aliandika habari hiyo mwaka wa 1724.

Muone basi. Kuna hewa iliyotoka kwenye pafu: hiyo kwa kawaida inapona yenyewe. Na kuna hewa iliyotoka kwenye bomba la chakula lililopasuka: hiyo inaua upesi mtu asipofikishwa hospitali. Kwa macho, shingo zote mbili zimevimba, zote mbili zinalia. Nyumbani hakuna anayeweza kuzitenganisha. Na kutapika kwa nguvu kunaweza kupasua bomba la chakula.

Kwa hiyo mukimpa dawa ya kutapisha kijana ambaye pafu lake limevuja, munaongeza nguvu kifuani na hewa inazidi kuvuja. Na mukimpa yule ambaye bomba lake limeanza kuchanika, munamalizia kazi. Hata kama mtu amekula sumu kweli, kumtapisha nyumbani si msaada; kunaweza kupeleka sumu mapafuni. Dawa yake iko hospitali.

MAMBO YA KUFANYA

1. Mumkalishe mgonjwa, mgongo umeegemea kitu. Asilazwe chali kwa nguvu kama anapumua vizuri zaidi akiwa amekaa.

2. Mumtulize. Mtu anayelia na kupiga kelele anaongeza nguvu ndani ya kifua. Watu wapungue chumbani.

3. Kama ana pumu na ana dawa yake ya kuvuta, aitumie.

4. Mumpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na njia inaruhusu. Asitembee kwa miguu kupanda mlima. Pikipiki iende polepole, na mtu wa kumshika akae nyuma.

5. Mueleze mwuguzi mambo yalivyokwenda: alikuwa anafanya nini maumivu yalipoanza? Alitapika kabla? Alikohoa siku ngapi? Amevuta bangi? Amekunywa dawa gani ya kienyeji? Musifiche. Neno "alitapika, halafu maumivu yakaanza" linaweza kuokoa maisha.

MAMBO YA KUACHA

1. Musimtapishe.

2. Kama maumivu yalianza baada ya kutapika, musimpe kitu kwa mdomo: si maziwa, si mafuta, si uji, si maji, mpaka aonwe.

3. Musimchanje shingo, musimpige chuku, musitoboe uvimbe eti hewa itoke. Hewa ya chini ya ngozi peke yake kwa kawaida haiui, hata ikifika usoni na kufunga macho. Wembe mchafu ndio unaoleta usaha na pepopunda.

4. Musikande wala kubana shingo.

5. Mtoto anayekohoa asikatwe kilimi. Kilimi hakileti kikohozi, na kidonda cha kooni kinaweza kutoa damu nyingi na kuoza.

6. Musimfungie katika chumba cha maombi siku tatu bila munganga. Muombe, ndiyo, lakini muombe mukiwa njiani.

ALAMA ZA HATARI KABISA

Musingoje mapambazuko kama muna njia yoyote, mukiona moja ya hizi: pumzi inazidi kuwa fupi kila saa, midomo au ulimi umekuwa wa bluu, mgonjwa anazimia au amechanganyikiwa, ana homa kali, maumivu yalikuja mara tu baada ya kutapika, anatema damu, upande mmoja wa kifua haupandi wakati anavuta hewa, au yote yalianza baada ya kuanguka, kufunikwa na udongo shimoni, kupigwa au risasi. Mtoto mdogo mwenye shingo inayolia, yeye mumhesabu kuwa katika hatari tangu mwanzo.

HOSPITALI WATAFANYA NINI?

Watamsikiliza kifua na kumpiga picha ya radio. Picha inaonyesha hewa kama mstari mweusi kando ya moyo na shingoni. Pia inaonyesha kama pafu limeanguka, maana hilo lina matibabu mengine. Wakidhani bomba la chakula limechanika, watampeleka penye munganga wa upasuaji.

Kama ni hewa ya pafu tu, musishangae matibabu yakiwa madogo: kupumzika, dawa ya maumivu, dawa ya kikohozi au ya pumu iliyoanzisha mambo, na oksijeni kama ipo. Oksijeni inasaidia mwili kumeza ile hewa iliyopotea upesi zaidi. Jamaa zingine zinakasirika: "Hawakumchoma hata sindano!" Jamani, sindano nyingi si alama ya munganga mzuri. Watamwangalia siku moja, mbili au zaidi, kuona kama hali inatulia. Maumivu yanapungua baada ya siku chache, na hewa yenyewe kwa kawaida inakwisha katika wiki moja au mbili. Kurudi tena kwa ugonjwa ni mara chache.

Sake iko katika zoni ya afya ya Kirotshe. Lakini vita imegeuza mambo mengi, na mashine ya radio inaweza kuwa nzima leo na mbovu kesho. Muulize kwenye kituo kilicho karibu: wapi kuna radio inayofanya kazi, wapi kuna oksijeni? Swali hilo muliulize sasa, wakati hakuna mgonjwa nyumbani.

Neno moja kwa watu wa Walikale. Kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua juu ya barabara kule Kilambo kuchukua kasiteriti ya Bisie, na watu wamezoea kuona ndege kama pikipiki ya angani. Lakini hewa iliyofungiwa mahali inapanuka mtu anapopanda juu. Mgonjwa wa namna hii asipandishwe ndege kabla munganga hajakubali. Na aliyepona angoje mpaka aambiwe kwamba hewa imekwisha.

KURUDI KAZINI

Hapa ndipo vijana wengi wanakosea. Siku ya tano maumivu yamekwisha, deni liko dukani, na mkubwa wa shimo anaita. Musirudi kubeba. Mungoje munganga aseme, na kwa kawaida ni wiki kadhaa kabla ya mizigo mizito. Wenzake wa kikundi wampe kazi nyepesi kwa muda huo: kuhesabu magunia, kupika, kulinda vifaa. Wiki chache za kupumzika ni rahisi kuliko mazishi.

Na wote munaobeba, mujifunze jambo hili dogo: musikate pumzi wakati wa kuinua. Toa hewa kwa mdomo unapotia nguvu. Mpunguze gunia liwe la watu wawili. Mufunike pua na kitambaa penye vumbi, ingawa kitambaa hakizuii vumbi lote. Kumwagia mwamba maji kabla ya kutoboa kunasaidia zaidi. Kikohozi kinachopita wiki mbili, mwende mupimwe kifua kikuu. Na bangi, muache.

NENO LA MWISHO, JUU YA JIRANI

Hewa hii inaweza kupona katika wiki mbili. Lakini jina la mtu aliyeitwa mchawi au mtoa karuho halipone katika wiki mbili. Katika vijiji vyetu watu wamepigwa, wamefukuzwa, nyumba zimechomwa, kwa sababu ya shingo iliyovimba au tumbo lililojaa. Kisha mgonjwa anapona, anakuta jamaa mbili hazisalimiani tena, na watoto hawachoti maji pamoja.

Kwa hiyo, siku moja mama akisikia krr, krr chini ya vidole vyake, na mtu akaanza kusema, "Jana alikula kwa nani?", wewe uliyesoma ukurasa huu usimame umjibu: "Kwanza tumpeleke." Umsomee mwenzako asiyejua kusoma, na ukurasa huu uubandike pale wachimbaji wanapokula.

Tuonane mwezi ujao. Mukae salama.